Kutibu Choa cha Ng'ombe kwa Mitishamba na kwa Kuimarisha Kinga ya Mwili: Mwongozo Kamili

Choa cha ng'ombe, ambacho wafugaji wengine hukiita bato au mapunye, ni ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu, na mara nyingi kuvu yenyewe ni Trichophyton verrucosum. Kabla ya kuchuma jani lolote, mfugaji anapaswa kujua mambo mawili yatakayomwongoza katika kila hatua. La kwanza ni kwamba ng'ombe mwenye afya njema kwa kawaida hupona choa bila dawa yoyote, katika muda wa mwezi mmoja hadi minne. La pili ni kwamba vijimbegu vya kuvu hii, vinavyodondoka pamoja na magamba na nywele zilizokatika, huweza kubaki hai kwa miaka kadhaa kwenye mbao kavu, kamba, brashi na kuta za banda.

Kwa hiyo dawa ya mitishamba haipewi kazi ya kumponya mnyama ambaye vinginevyo asingepona. Kazi yake ni kupunguza vijimbegu vinavyosambazwa, kulinda ndama wengine pamoja na watu wanaowahudumia, na kufupisha muda wa ugonjwa pale inapowezekana. Mwili wa mnyama ndio unaomaliza kazi, na ndiyo maana lishe na kinga ya mwili vimepewa nafasi kubwa katika mwongozo huu.

Hakikisha kwanza kwamba ni choa

Choa huonekana zaidi kwa ndama na mitamba walio chini ya mwaka mmoja, hasa waliofungiwa pamoja katika banda lenye unyevu na giza. Dalili hutokea wiki moja hadi nne baada ya kuambukizwa. Mabaka huanza kuzunguka macho, kwenye masikio, pua na shingo. Kwa ng'ombe wakubwa huweza kutokea pia kifuani na miguuni. Baka changa ni duara dogo ambalo nywele zake zimekatika karibu na ngozi, na juu yake kuna unga wa kijivu. Baada ya wiki kadhaa unga huo huwa ukoko mnene, mkavu, wa rangi ya kijivu inayoelekea weupe, ulioinuka juu ya ngozi, na ukiubandua mapema utakuta ngozi yenye majimaji chini yake. Kwa kawaida mnyama hajikuni sana, na hiyo ni alama muhimu.

Ng'ombe anayejisugua ukutani usiku na mchana huenda ana upele wa utitiri au chawa. Magamba yaliyoloa yanayoshikamana na nywele katika vishungi, hasa mgongoni baada ya mvua nyingi, huelekeza kwenye ugonjwa wa bakteria uitwao dematofilosisi, ambao mafuta ya mitishamba yanaweza kuuzidisha kwa kushikilia unyevu. Vinundu vigumu vilivyotapakaa mwili mzima pamoja na homa si choa hata kidogo; huenda ni ugonjwa wa mapele ngozi, na katika nchi nyingi ugonjwa huo ni lazima uripotiwe kwa mamlaka ya mifugo. Upungufu wa zinki nao huleta ngozi nene yenye magamba, lakini mara nyingi hutokea pande zote mbili za mwili kwa mpangilio unaofanana.

Ukiwa na shaka, ng'oa nywele chache pamoja na magamba kutoka ukingoni mwa baka, uzitie kwenye bahasha ya karatasi, na umpelekee daktari wa mifugo azitazame kwa hadubini. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu unaofungiwa humo huotesha bakteria na ukungu mwingine unaoficha kuvu inayotafutwa. Taa ya miale ya urujuanimno inayotumika kupima choa cha paka haisaidii hapa, kwani kuvu ya ng'ombe haing'ai chini yake.

Kwa nini ukingo ndio unaotibiwa

Kuvu hii hula keratini, yaani ile protini ya tabaka la juu la ngozi lililokwisha kufa na ya shina la unywele. Haipendi mahali penye uvimbe, na mwili unapojibu kwa kuvimbisha ngozi, kuvu hukimbilia nje kutafuta ngozi ambayo bado ni shwari. Huenda kama moto wa nyika: katikati pamebaki majivu, na moto wenyewe uko pembeni. Mfugaji anayepaka dawa katikati ya baka pekee anatibu mahali ambapo adui ameshaondoka. Kila mara dawa ipakwe juu ya baka lote na kuvuka ukingo wake kwa sentimita 2 hadi 3, hata kama ngozi hiyo ya nje inaonekana nzima na ina nywele.

Hatua ya kwanza: kumtenga mnyama na kujikinga

Mtenge mnyama mgonjwa, au mkusanye wagonjwa wote mahali pamoja ikiwa ni wengi, na uwahudumie baada ya kuwamaliza wazima. Kila kundi liwe na hatamu, kamba, ndoo na brashi zake. Choa cha ng'ombe huwaambukiza watu kwa urahisi, na kwa binadamu huwa kikali kuliko vyoa vingine: huvimba, hutoa usaha na kuuma, hasa kichwani kwa watoto na kwenye mikono ya wakamuaji. Vaa glavu na nguo za mikono mirefu, nawa kwa sabuni hadi viwiko, na ufue nguo za kazi kwa maji ya moto peke yake. Watoto na watu wenye kinga dhaifu wasishiriki kabisa. Mtu akitokwa na baka aende hospitali na aeleze kwamba anahudumia ng'ombe, kwa sababu maelezo hayo hubadilisha uchunguzi na dawa atakayopewa.

Hatua ya pili: kulainisha na kuondoa magamba

Hakuna dawa ya majani itakayopenya ukoko wenye unene wa nusu sentimita. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, kisha wakailaumu dawa. Mfunge mnyama vizuri juu ya sakafu inayoweza kuoshwa, au utandike gunia la zamani utakalolichoma baadaye. Paka mafuta ya nazi au mafuta mengine ya kula juu ya ukoko na uyaache yapenye kwa saa chache, au usiku kucha ukiweza. Kisha osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, ukisugua taratibu kwa brashi laini kwa mwendo wa duara, kutoka nje kuelekea katikati, ili usisukume vijimbegu kwenye ngozi nzima.

Kinachotoka kwa urahisi kitolewe, na kinachong'ang'ania kiachwe hadi siku inayofuata. Damu ikitoka umezidisha nguvu, na umefungua mlango kwa bakteria na nzi. Magamba yote yaliyodondoka yakusanywe na kuchomwa moto, wala yasifagiliwe yakiwa makavu, kwa sababu vumbi lake ni vijimbegu vitupu. Kausha mahali hapo kwa kitambaa safi kabla ya kupaka chochote.

Hatua ya tatu: kuchagua na kutengeneza dawa

Mimea mingi imeonyesha maabara kwamba huzuia ukuaji wa kuvu za ngozi. Ushahidi kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe hai ni mchache kuliko ule wa maabara, kwa hiyo ni busara kuchagua mmea unaojulikana kwa usalama wake kuliko kuchanganya mimea saba kwa matumaini kwamba mmoja utafanya kazi. Chagua dawa moja na uifuate hadi mwisho.

Mafuta ya mwarobaini yakichanganywa na manjano ndiyo ningeyaweka mbele kwa mfugaji anayeanza. Chukua sehemu 1 ya mafuta ya mbegu za mwarobaini na sehemu 4 za mafuta ya nazi, kisha katika kila mililita 100 za mchanganyiko koroga vijiko viwili vya chai vya manjano ya unga. Ukitaka mchanganyiko ushike ngozi na usichuruzike, yeyusha nta kidogo ya nyuki kwenye mafuta ya nazi kabla ya kuongeza vitu vingine. Mafuta ya nazi yenyewe yana asidi ya lauriki ambayo hudhoofisha kuvu, na pia huendelea kulainisha ukoko unaobaki. Manjano yana faida moja ya kiutendaji ambayo haitajwi sana: hupaka ngozi na manyoya rangi ya njano, na kwa rangi hiyo utaona kwa jicho kama kweli umevuka ukingo wa baka au umeishia ndani yake. Mikono nayo itabaki njano kwa siku kadhaa usipovaa glavu.

Mmea wa Senna alata, ule wenye majani mapana na maua ya njano yaliyosimama wima kama mishumaa, umetumiwa kutibu choa cha binadamu katika nchi nyingi za joto. Majani yake yana kemikali za jamii ya antrakinoni, zikiwemo reini na krisofanoli. Twanga majani mabichi, ongeza mafuta kidogo yapate kushikana, na upake rojo hilo likiwa bichi siku hiyo hiyo. Usimnyweshe mnyama rojo hili, kwani huharisha. Tena usiuchanganye mmea huu na ndugu yake Senna occidentalis, ambao mbegu zake huharibu misuli ya ng'ombe na huweza kumwua. Kama huna uhakika wa kuitofautisha mimea hiyo miwili, tumia mwarobaini.

Kitunguu saumu kina nguvu, lakini kinadai uangalifu. Alisini, ambayo ndiyo kemikali inayopigana na kuvu, haimo kwenye kitunguu kizima. Hutokea punje zinapopondwa. Ponda gramu 50 za punje, ziache kwa dakika 10, kisha changanya na mililita 250 za mafuta ya nazi yaliyoyeyuka lakini yasiyo ya moto, kwa sababu joto kali huiharibu. Chuja na utumie ndani ya siku mbili au tatu. Usibandike kitunguu kilichopondwa moja kwa moja juu ya ngozi na kukiacha hapo, kwa maana huunguza kama tindikali, na kidonda chake huwa kibaya kuliko choa chenyewe.

Mafuta ya mti wa chai wa Australia na mafuta ya karafuu yapo pia, na yote mawili huua kuvu. Mafuta ya mti wa chai yasizidi mililita 5 katika mililita 95 za mafuta ya kula, na ya karafuu yasizidi mililita 2 katika 98. Mafuta haya hayapakwi bila kuzimuliwa, na hayafai mahali ambapo mnyama mwenyewe au mwenzake anaweza kulamba, kwani mafuta ya mti wa chai yana sumu yakiingia tumboni.

Dawa yoyote kati ya hizi ijaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo ya ngozi nzima shingoni. Baada ya saa 24, ikiwa ngozi imevimba, imekuwa nyekundu au ina malengelenge, punguza nguvu ya dawa au uiache. Kuzunguka macho usipake dawa yenye kitunguu saumu, karafuu wala mafuta ya mti wa chai. Mahali hapo panatosha mafuta ya nazi matupu ya kulainisha ukoko, au dawa ya macho atakayotoa daktari.

Yapo mambo ambayo hayana nafasi katika tiba hii, hata yawe yanasifiwa namna gani. Oili chafu ya injini, mafuta ya taa, maji ya betri na dawa za kuulia wadudu wa mimea huunguza ngozi au hupenya mwilini, na mabaki yake huweza kuishia kwenye maziwa na nyama. Mnyama aliyepakwa oili chafu akapona baada ya miezi miwili alikuwa atapona hata hivyo.

Hatua ya nne: kupaka na kupima

Paka mara moja kwa siku katika wiki ya kwanza, kisha kila baada ya siku mbili au tatu hadi nywele mpya zifunike baka lote. Kwa ng'ombe wa maziwa, paka baada ya kukamua na si kabla, na osha chuchu vizuri kabla ya ukamuaji unaofuata, kwa sababu maziwa hushika harufu ya kitunguu saumu na karafuu upesi sana.

Kwa kuwa choa hupona chenyewe, macho matupu hayatoshi kuamua kama dawa imesaidia. Ipo njia rahisi. Chagua mabaka mawili yanayolingana kwa ukubwa kwenye mnyama mmoja, kwa mfano moja kila upande wa shingo. Tibu la kulia, na la kushoto liache kwa wiki mbili likiwa limelainishwa kwa mafuta matupu. Pima upana wa kila baka kwa uzi, funga fundo, andika tarehe, au piga picha ukiweka sarafu ile ile pembeni. Ukingo wa baka lililotibiwa ukisimama wakati ule mwingine unaendelea kupanuka, umepata dawa inayofaa kundi lako. Mabaka yote mawili yakienda sawasawa, unachokiona ni kazi ya mwili wa mnyama, na hakuna haja ya kuendelea kutwanga majani kila asubuhi.

Dalili za kupona huja kwa mpangilio: ukingo huacha kusonga, ukoko hujibandua wenyewe na kuacha ngozi kavu, kisha huchomoza nywele fupi laini, mara nyingi zikianzia katikati. Endelea kupaka ukingoni kwa wiki mbili baada ya nywele kuonekana.

Kuimarisha kinga ya mwili

Kinachomponya ng'ombe choa ni chembe nyeupe za damu zinazoitambua kuvu na kuishambulia kwenye ngozi. Kingamwili zinazoelea kwenye damu huchangia kidogo. Mnyama aliyepona hubaki na kinga imara kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo sababu ugonjwa huu huwaandama wadogo zaidi. Ni juu ya kinga ya aina hiyo ambapo chanjo hai ya LTF-130 ilitengenezwa huko Umoja wa Kisovyeti katika miaka ya 1970, na Norwei ikaitumia kupunguza sana ugonjwa huu katika mifugo yake. Pale chanjo ya aina hiyo inapopatikana, hakuna mmea unaoweza kuifikia.

Chembe hizo hujengwa kwa chakula. Ndama anayekua anahitaji protini ya kutosha, na majani mabichi ya jamii ya mikunde au mashudu kidogo humsaidia kuliko kinywaji chochote cha mitishamba. Vitamini A ndiyo inayofuata kwa uzito, kwa kuwa ndiyo inayotunza ngozi. Ng'ombe huitengeneza kutokana na karotini ya majani mabichi, lakini nyasi zilizokauka na kukaa muda mrefu huwa zimepoteza sehemu kubwa ya karotini hiyo. Ng'ombe mkubwa aliyelishwa vizuri ana akiba kwenye ini ya kumfikisha miezi miwili hadi minne. Ndama ana akiba ndogo sana. Hiyo huenda ni sababu mojawapo ya choa kushamiri mwishoni mwa kipindi kirefu cha malisho makavu.

Katika madini, angalia zinki na shaba. Kipimo kinachopendekezwa kwa ng'ombe wa nyama ni karibu miligramu 30 za zinki na 10 za shaba kwa kila kilo ya chakula kikavu, na jiwe la kulamba lililotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, likitumiwa kwa kufuata maelekezo yake, kwa kawaida hutosha. Seleni ni ya kuhadhari zaidi: kiasi kinachohitajika ni miligramu 0.1 hadi 0.3 tu kwa kilo, na nafasi kati ya kutosha na sumu ni finyu. Usiongeze sindano ya seleni juu ya jiwe la madini bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Majani ya mlonge yana protini na karotini nyingi, na yanaweza kuongezwa kwenye malisho ya ndama. Faida yake inatokana na kuwa chakula kizuri, kwa hiyo konzi moja kwa wiki haitabadilisha kitu. Kitunguu saumu cha kula kitolewe kwa uchache na kwa ng'ombe asiyekamuliwa, kwani jamii yote ya vitunguu ikizidi huvunja chembe nyekundu za damu. Shubiri usimnyweshe ndama. Huharisha, na ndama anayeharisha hana kinga ya kutegemea.

Kuna pia yale yanayoibomoa kinga wakati unaijenga. Minyoo hunyonya protini ile ile unayoilipia, kwa hiyo pima kinyesi na utoe dawa inayolingana na majibu. Msongamano, baridi ya sakafu yenye unyevu na kubadilishiwa kundi mara kwa mara humchosha mnyama. Dawa za jamii ya kotikosteroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, ambazo wakati mwingine huchomwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine, huzima kinga inayohitajika, basi mwambie daktari kama mnyama ana choa kabla hajachoma. Ndama mchanga apewe dang'a inayofikia asilimia 10 ya uzito wake mapema iwezekanavyo katika saa 6 za kwanza, yaani lita 4 kwa ndama wa kilo 40. Dang'a haimkingi na choa moja kwa moja, lakini humwepusha na kuharisha na nimonia, magonjwa yanayomwacha dhaifu pale choa kinapofika.

Mtoe mnyama juani kila siku. Choa mara nyingi hupungua wanyama wanapotoka bandani kwenda malishoni, na hewa, ukavu na nafasi vyote vina mchango wake.

Banda na vifaa

Ondoa matandiko yote na uyachome. Osha mbao, nguzo, vihori na milango kwa maji na sabuni hadi uchafu uishe, kwa sababu klorini inayokutana na kinyesi hupoteza nguvu kabla haijafika kwenye vijimbegu. Baada ya hapo changanya sehemu 1 ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5 na sehemu 9 za maji, lowesha kila mahali, uache kwa dakika 10 au zaidi, kisha suuza vihori. Klorini isichanganywe na siki, tindikali wala amonia, kwani hutoa hewa ya sumu. Kamba za katani na brashi za mbao ni nafuu kuzichoma kuliko kuzisafisha. Nguzo ambazo ng'ombe hupenda kujisugua zipewe uangalifu wa pekee. Kwa kawaida zina ulaini na mng'ao wa mafuta kwenye kimo cha shingo, na ndipo nywele nyingi zinapong'ang'ania.

Wakati wa kumwita daktari

Mwite ikiwa mabaka yanaendelea kuongezeka baada ya wiki tatu za tiba iliyofuatwa vizuri, ikiwa yamefunika sehemu kubwa ya kichwa au mwili, ikiwa kuna usaha, homa au macho yaliyofunga, au ikiwa mnyama anakonda. Anazo dawa za kupaka zenye ushahidi mkubwa zaidi, kama enilkonazoli na maji ya chokaa na salfa. Griseofulvini, dawa ya kuvu ya kunywesha, imepigwa marufuku kwa wanyama wa chakula katika nchi nyingi, kwa hiyo usiitafute kwa njia za panya. Mweleze daktari mitishamba yote uliyotumia, pamoja na vipimo vyake, na uulize ni siku ngapi maziwa na nyama havipaswi kutumiwa baada ya dawa atakayotoa.

Mnyama arudishwe kundini mabaka yote yakiwa yameota nywele na hakuna gamba lililobaki, baada ya kuoshwa mwili mzima na kuvalishwa hatamu mpya. Ng'ombe mgeni anayeingia shambani akae peke yake kwa wiki nne, akikaguliwa macho, masikio na shingo kila wiki kwa kupapasa kwa mkono uliovaa glavu, kwa sababu chini ya manyoya marefu baka changa huhisiwa na vidole kabla halijaonekana kwa macho.